Siku Niliyowabebesha Wakwe Vitunguu

Mke wangu hupenda nisimulie mkasa huu wageni wakishashiba, kwa hiyo nimeusimulia mara nyingi kuliko ninavyotaka, na kila nikifika pale kwenye kuku uso bado unaniwaka.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari. Nilikuwa na baiskeli na kazi ambayo sikumjua mwingine pale Shinyanga mjini aliyeifanya: unaniagiza, napanga foleni, nazunguka sokoni, nakuletea vitu mpaka mlangoni. Mwenye duka mmoja aliniuliza, "Sasa wewe ni mke wa watu wangapi?" Wateja walikuwa wachache, nami nilikuwa nimejiwekea mpaka: wasipoongezeka kabla ya mvua, narudi kijijini kulima pamba.

Ndipo Mama Kabula akaniagiza chakula chote cha kupokea wakwe, waliokuwa wanakuja kutoka Tinde kuzungumza mahari ya binti yake. Alikuwa kiongozi wa kwaya. Akiridhika yeye, nyumba za wanakwaya wote ni zangu, na akiaibika, basi tena.

Ilinipasa kwenda safari mbili. Niliamua moja (uamuzi mdogo tu, wa kuokoa muda). Mchele na viazi kwenye keria, debe la mayai juu yake, vikapu vya vitunguu na nyanya kwenye usukani, na kuku wawili wananing'inia. Baiskeli ilikwenda vizuri, ila ukishuka huwezi kuipanda tena. Nikiwa kwenye mwinuko nikaona wazee wanne mbele yangu, na kwetu humpiti mzee ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Nikajiambia, leo nitainua mkono tu.

Nikainua mkono, nikasema, "Shikamooni," na waliitikia marahaba nikiwa tayari chini ya gunia la viazi.

"Huyu alikuwa anatuamkia au anatuaga?" mmoja akauliza.

Wakacheka, wakavua makoti, wakaanza kuokota. Kuku mmoja alikata kamba, na mzee mwenye kofia ya pama akamfukuza mpaka kwenye michongoma. Usukani ulikuwa umepinda, hivyo wakagawana mizigo na kuniuliza naenda kwa nani. Nilipomtaja Mama Kabula wakatazamana, nami nikaelewa kwamba nimewabebesha wakwe chakula chao wenyewe.

Mama Kabula alipiga magoti mlangoni kuwaamkia, akainua macho, akaona kikapu cha vitunguu begani kwa mmoja wa wale wanne, mshenga wao.

"Baba Shija," akaniambia polepole, "umenifanyia nini?"

Mzee wa pama akafunua debe. Mayai nilikuwa nimeyafukia kwenye pumba, safu kwa safu, na hakuna hata moja lililopasuka.

"Mama, mtu anaanguka namna ile na mayai yanabaki mazima? Huyu tungemchukua Tinde," akasema. "Na kwa kuwa tumewatumikia kabla hata ya kupewa maji, mtupunguzie ng'ombe."

"Ng'ombe hawapungui, baba. Maji yapo," akajibu Mama Kabula, akacheka mpaka akakaa chini, na mazungumzo yakaanza kwa kicheko hicho.

Jumapili iliyofuata kwaya nzima iliniagiza, na mvua zilipoanza nilikuwa na baiskeli ya pili. Wateja wengi hawakujua jina langu, walisema tu, "Mwiteni yule wa kubebesha wakwe." Jina hilo nililipokea kwa mikono miwili, kwa sababu liliniletea kazi. Ila tangu siku ile nashuka baiskeli hata kwa mzee aliyelala.