Mjumbe wa Alama ya Kutoa

Nilitoka Singida juu ya lori la vitunguu, nikapanda basi Dodoma, jingine Morogoro, na la tatu likanifikisha Kiberege, ambako lilizama topeni. Tulilala hapo hapo. Asubuhi tukavua viatu, tukalisukuma. Niliingia Ifakara nikiwa na matope hadi magotini, bila ndugu, nikajiambia kwamba mahali panapofikika kwa taabu namna hii hapakosi kazi.

Haikukosekana. Shule moja ya sekondari ilitafuta mtunza maabara, nami nilikuwa na kidato cha nne. Nikapanga chumba Viwanja Sitini. Mwalimu wa fizikia alikuwa dada mmoja wa Mchombe, mwenye digrii, na tulielewana upesi kwa kuwa sote wawili hatukutulia. Yeye alitaka kwenda kusoma shahada ya uzamili. Mimi nilitaka kwenda tu.

Miaka ile ya tisini mhadhiri mmoja alizunguka mikoani akitafuta wanafunzi wa uzamili wa fizikia, maana walimu wa shule za mbali hawakuwa wakimfuata chuoni. Alipofika kwetu aliwakusanya watatu katika maabara yangu: dada yule, mwalimu wa kiume kutoka Mahenge na mwingine kutoka Kidatu. Nafasi ilikuwa moja. Akaandika ubaoni hesabu ya jinsi kitu cha moto kinavyopoa, akaimaliza, akageuka.

"Tunakubaliana?"

"Ndiyo, mzee," wakaitikia wote.

Akakung'uta chaki, akasema kesho anaondoka, akaenda zake nyumba ya wageni. Wale wawili nao wakatoka. Dada akabaki anautazama ubao.

"Amekosea," akaniambia. "Mstari wa tatu ameacha alama ya kutoa. Kwa hesabu hii, wali ukishapakuliwa utazidi kuwa wa moto mpaka sahani ipasuke."

"Mbona hukusema?"

"Mzee mwenye mvi, mbele za watu? Kaka, huko Singida mlilelewaje?"

Kwao mtu mzima akikosea hutumiwa mtu wa kumwambia pembeni, kama anavyotumwa mshenga. Basi akanituma mimi. Njia nzima nilirudia maneno yake kama sala, maana fizikia yangu haikufika huko.

Nilimkuta mhadhiri barazani anamenya chungwa. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza mstari wa tatu, kisha nikamweleza na wali. Akacheka hadi akaliweka chungwa chini.

"Mstari ule naukosea makusudi kila mji. Namtafuta wa kunizuia. Nani kakutuma?"

"Mwalimu wa hapa."

"Kaniletea mshenga. Ananiposa?"

"Ni heshima yako tu, mzee."

"Heshima nimeipokea. Lakini kipimo kikidanganya maabarani, atamtuma nani akakiambie? Aje aseme mwenyewe, mbele ya wale wale. Akishindwa, naondoka bila mtu."

Nikampelekea dada jibu, na asubuhi mhadhiri akawakusanya tena wote watatu. Hesabu ilikuwa bado ubaoni. Dada akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nilijifanya nafuta chupa.

"Shikamoo tena."

"Marahaba tena," mhadhiri akajibu, bila kutabasamu.

"Mstari wa tatu umekosea." Akaenda ubaoni, akaiweka alama, akashuka na hesabu hadi mwisho bila kugeuka.

"Hata mimi niliiona," akasema yule wa Kidatu.

"Uliiona ukaimeza," mhadhiri akamwambia. Nafasi ikawa ya dada.

Siku ya safari nilimbebea sanduku hadi stesheni.

"Na hilo begi dogo?" akauliza.

"Langu. Wewe unashuka Dar, mimi nasubiri treni ya Mbeya."

"Umemuaga mkuu wa shule?"

"Nitamtuma mtu."

Akaniangalia tu. Nikaliacha begi miguuni pake, nikarudi shuleni kwa miguu, nikaingia ofisini, nikaamkia mara mbili, nikasema mwenyewe kwamba naondoka na sirudi. Niliporejea stesheni treni yake ilikuwa imekwenda, na begi langu lilikuwa kwa mama muuza karanga. Yangu ikaja jioni, nikapanda.