Tawi la Mlangilangi Juu ya Waya

Ipo siku moja, mwanangu, hunijia kila nionapo tawi limeegemea waya wa umeme. Nilikuwa kijana, nakaa na bibi yangu Kuze. Uani palikuwa na mlangilangi ambao wanawake wa mtaa walichuma maua yake kwa harusi. Waya ulipita juu ya ua, na tawi moja lilikuwa limeanza kuugusa. Upepo ukivuma, ulisikika mlio kama wa mafuta kaangoni.

Wakaja wanaume wawili na ngazi ya chuma. Walisema wametumwa na watu wa umeme kuukata mti shinani. Waliamkua vizuri, nami nikaishika ngazi kuwasaidia.

"Wewe, iwache hiyo," bibi akasema. Akawageukia. "Linalogusa ni tawi. Shina limewakosea nini?"

"Ni amri, mama."

"Ya nani? Kitambulisho cha kazi kiko wapi?"

Mmoja akapapasa mifuko. Mwenzake akacheka. "Mama, kwani hapa ni bandarini, wataka na pasi?"

"Nataka kujua. Umeme mmezima?"

"Zamani."

Bibi akaonyesha sebuleni kwa kidole. Pangaboi lilikuwa likizunguka.

Wakaondoka wakinung'unika. Mpaka leo sijui walitumwa na nani.

"Ungekuwa maiti saa hii," bibi akaniambia, "kwa kumwamini kila aamkuaye."

Kisha akanituma ofisi ya umeme nikatoe habari. Nikashangaa. "Si umewafukuza?"

"Nimewafukuza wao. Tawi liko pale pale."

Mafundi walipokuja, aliwahoji vile vile. Wakaonyesha vitambulisho, wakazima umeme, naye akasimama uani mpaka wakamaliza. Shina likabaki. Wanawake walipolalamika kuwa maua yamepungua, aliwajibu: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Mwanangu, kiwanja ni chako, lakini hatari ya waya ni ya mtaa mzima. Usipande mti mrefu chini yake. Samaki mkunje angali mbichi. Mti nao upogoe ungali mfupi. Tawi likiukaribia waya, usilipandie, wala usimpandishe jirani mwenye panga. Waite wenye kazi yao. Wakija, waulize ni nani, kama wamezima umeme, na watakata nini. Akasirikaye kwa kuulizwa, mfungie mlango. Lakini usikae ukadhani umemaliza, maana shaka isiyofuatwa na kazi ni uvivu.

Mola akujaalie macho ya kuona mapema, na awahifadhi wote walalao chini ya paa lako.