Folda ya Kiswahili

Kazi yenyewe ilionekana ndogo: kupanga mafaili ya tovuti ya taasisi yetu ya afya, kurasa zake pamoja na mwongozo unaoeleza rangi zipi zitumike, herufi ziwe za ukubwa gani na kila lugha iandikwe vipi. Nilipewa mimi, mhariri pekee wa Kiswahili, niliyekulia Tanzania kabla wazazi hawajarudi Rwanda.

Vurugu niliyoikuta, usiniulize. Faili liitwalo "mwisho" lilifuatwa na "mwisho kabisa", na jingine "tumieni hili". Kurasa zangu za Kiswahili zilikuwa zimetapakaa kote, nyingine katikati ya za Kifaransa, nyingine kwenye picha za sherehe. Nilizisaka huku nimenuna, nikazikusanya zote kwenye folda moja. Nilipomaliza nilirudi nyumbani Kabuga na furaha ya kijinga, nikamsimulia mama. Yeye Kinyarwanda anakiongea vizuri, lakini kukisoma hawezi; shule alisomea Tanzania. Maelezo ya dawa zake za presha huyasoma kwenye kurasa zangu.

Wiki iliyofuata mkuu wetu aliniita. Aliifungua folda, akausifu mpangilio, akasema sasa kila kitu kinaonekana. Kisha akaeleza kwamba tovuti inatengenezwa upya, na itakuwa na lugha tatu tu: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Amekulia Kampala, na siku zote tunaongea Kiingereza, lakini siku hiyo alikitafuta Kiswahili, nadhani kwa huruma.

"Dada, Kiswahili iko nzuri, lakini hapa nani anasoma? Watu yote wanajua Kinyarwanda. Ihangane."

Ihangane ndilo neno tunalowaambia wafiwa. Nilitaka kumweleza habari za mama, nikaona haya kumleta mle ofisini kama shahidi. Nikaitikia tu. Akabofya mara moja, folda nzima ikaondoka.

Tangu hapo nimekata tamaa, sina sababu ya kuficha. Kurasa zilipokuwa zimetapakaa, hakuna ambaye angejisumbua kuzitafuta ili azifute. Mimi ndiye niliyemkusanyia.

Tovuti mpya ilipofunguliwa, mama aliniuliza mbona ukurasa wa dawa hauonekani. Nikamwambia mtandao unasumbua. Aliniamini, na kila asubuhi anachukua simu na miwani yake, anaujaribu tena.