Kitanda cha Mke wa Askari

Juzi, kwa seremala mmoja wa Kariakoo, mke wa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, alikifungua kitanda kipya hadi kikabaki mbao tupu. Fundi akashika kichwa.

"Mama, kitanda ni cha kulalia!"

"Kwako, fundi. Kwangu ni cha kuhama nacho. Cha kwanza hakikufunguka, nikakiacha Tabora."

Akakiunga upya huku sisi watazamaji tukimhesabia kila ubao kwa kelele. Kilipokamilika akakirukia, chali! Tukashangilia. Mara mumewe akaja mbio, kofia mkononi.

"Mama watoto, tumehamishwa! Kesho, Nachingwea!"

Mama hakuinuka. "Basi ngojeni. Miezi mitatu nalala mkekani. Siondoki Dar es Salaam bila kulala kitandani."

Akafumba macho palepale barazani. Fundi, jamani, akamletea mto.