Mahari Yangu Ndani ya Kabati la Kioo

Ndoa yangu ilivunjikia makumbusho, mbele ya darasa zima la watoto wa shule. Na dada aliyenipa habari hakujua kama ananipa habari.

Sogeeni niwasimulie.

Naitwa Tekla, wa Mafinga. Niliolewa na Jofrey, fundi simu wa Mbeya mjini. Kanisani tulikuwa hatujafika. Wazee walimalizana kimila, na katika ukoo wetu mila inaanza na jembe. La chuma, la kufuliwa kwa mkono. Upande wa mume wanalileta, mama wa binti analitundika ukutani. Hapo wewe ni mke wa mtu.

Mtoto hatukupata. Jofrey akafika mahali ananisemesha maneno mawili tu: "chumvi" na "funga mlango".

Siku hiyo kaamka anacheka.

"Tekla, vaa. Twende Iringa, kuna makumbusho nataka uyaone."

Nikajua nimerudishiwa mume wangu. Nikajipodoa, nikapiga picha, nikarusha status: Mimi na wangu.

Basi lilipofika Mafinga nikamwomba tushuke, nimsalimie mama.

"Siku nyingine," akasema, akageukia dirishani.

Makumbusho yenyewe mazuri, jamani. Chumba cha kwanza kina picha za kuchora za mbuga za Usangu, majani yanagusa matumbo ya ng'ombe. Nikamshika Jofrey mkono. Akauacha mkononi mwangu, ila hakunishika.

Chumba cha pili, mwongozaji anayeitwa Damari alikuwa na watoto wa shule wamezunguka kabati la kioo.

Ndani, jembe.

Kona yake moja imeliwa, kama sikio lililong'atwa na mbwa. Nililijua palepale. Siku ya mahari nililipaka mafuta mwenyewe, kona ile ikanichana kidole.

"Jembe likikaa kwa mama mkwe, ndoa ipo," Damari alikuwa akieleza. "Mama mkwe akilirudisha, ndoa imekufa. Mwanamke akibaki kule kwa mume ni mgeni tu, anapikia watu."

Watoto wakacheka.

"Na mwenyewe huwa anaambiwa?" mwalimu wao akauliza.

"Anatakiwa aambiwe na mama yake."

Sauti yangu ikatoka yenyewe. "Hili nani kalileta?"

"Si huyo kaka uliyekuja naye? Alilileta wiki iliyopita. Jembe lililorudi halioi tena, ndiyo maana watu wanatupa sisi."

Nikamgeukia Jofrey. Anatazama ukuta.

"Jofrey."

"Nyumbani nilishindwa kukwambia," akasema. "Nikaona bora uelezwe na mtu anayejua kueleza."

Nikampigia mama simu nikiwa nimesimama palepale, nikamsalimia kikwetu.

"Kamwene, mama. Jembe liko wapi?"

Ikaja sauti ya upole, ile ya kubembelezea wagonjwa.

"Mwanangu, Jofrey alikuja kistaarabu. Anjela ana mimba yake. Mkwe mzuri vile, nimwachie aende kwa watu baki? Wewe rudi nyumbani. Ila ukifika usimkasirishe mdogo wako, nesi kasema apumzike."

Anjela. Mdogo wangu. Huyo nimembeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini.

Nilipokata simu, Jofrey alishatoka.

Damari alikuwa ameelewa yote, machozi yanamlenga. Lakini kazi ni kazi.

"Dada, samahani sana. Vitu vyetu vingi hapa havina wenyewe. Ungekubali nikupige picha karibu nalo, tuweke na habari zake?"

Nilimtazama nikitafuta tusi. Mimi na mdomo wangu huu, nikakosa. Nikapata kitu kitamu zaidi.

"Piga. Na uandike majina kamili."

Nikamtajia la Jofrey na kibanda chake kilipo. Nikamtajia la mama. Kwa Anjela ulimi ukasita kidogo. Nikalitaja herufi kwa herufi.

Sasa kila shule inayopita pale inasomewa majina yale. Juzi mama kapiga analia, eti wanafunzi wa Mafinga wamerudi kutoka ziara, Anjela akipita na tumbo lake wanamwita Jembe la Pili. Hatoki tena hata sokoni.

Nilimsikiliza mpaka salio lake likaisha.

Ndugu msomaji, ukitaka kumwacha mtu, mwachie jikoni kwenu mkiwa wawili. Usimpeleke makumbusho. Wale kazi yao ni kutunza.