Risasi Iliyokingoja Kisu

Maganda yale ya risasi yalinichosha kuliko mtoto mgonjwa. Ilikuwa miaka ya sabini, uwindaji haujapigwa marufuku, na mume wangu alikuwa na lori, leseni ya kuwinda, na baba aliyekataa kula nyama yake.

Baba mkwe alikuwa mtoto wa askari wa zamani, mtu wa msikitini, mchache wa maneno. Mume wangu akirudi na swala kutoka pande za Kulamawe, mzee aliuliza jambo moja tu: "Kisu ilipata yeye akipumua?" Hakikumpata. Bunduki ilikuwa na nguvu mno, mnyama alifika chini ameshakufa. Wengine walisema Bismillahi ya wakati wa kufyatua inatosha. Mzee alisukuma sahani. "Hiyo ni mzoga. Peana kwa mbwa."

Mume wangu, kichwa kigumu, akaamua kubuni risasi yake mwenyewe, isiyouzwa duka lolote: ya polepole, imwangushe mnyama bila kumwua papo hapo. Kila alasiri nyumba yetu ya Kiwanjani iligeuka karakana. Alipasha moto shingo za maganda matupu kwenye jiko langu la chapati, mimi nikayapaka mafuta ya mkia wa kondoo, kisha akayasukuma ndani ya kalibu aliyochongewa na fundi wa vyuma, yapate umbo jipya la kubeba baruti kidogo. Mengi yalipasuka. Niliyafagia pamoja na majivu, mgongo ukiniuma.

"Wewe ulioa mimi ama hii vyuma?" nilimwuliza.

Alicheka, akaniomba nimshikie koleo.

Hatimaye moja lilitoka bila ufa, mengine yakafuata. Nilikwenda naye hadi ng'ambo ya Ngaremara, maana nilitaka kuona mwisho wa mateso yangu. Choroa alianguka kwa risasi ya kwanza. Mume wangu akachomoa kisu, tukatimua mbio kumwendea.

Mnyama alitungoja. Alijiinua kwa miguu ya mbele, akaanguka, akajaribu tena, na muda wote tuliokuwa tukijikwaa kwenye mawe alikuwa akitutazama. Mume wangu alitamka Bismillahi kwa sauti iliyokatika.

Jioni ile mzee alikula mpaka akalamba vidole. Akamwekea mwanawe mkono kichwani, akamwombea dua. Nililia kwa furaha, sikatai.

"Na wewe, kula," mzee akamwambia mwanawe.

"Nimeshiba, baba."

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Marufuku ilipokuja, wawindaji wenzake walilalamika mji mzima. Yeye alikwenda akasalimisha bunduki. Mzee aliishi hadi miaka ya themanini, na kila Idi hakuacha kuuliza: "Ile nyama yako ya halali, hutaniletea tena?"

"Serikali imekataza, baba."

Nami nikainamia sufuria yangu. Asubuhi baada ya karamu ile ya choroa, marufuku haijasikika popote, niliyafagia maganda yake yote yaliyokuwa mazima, aliyoyaponda kwa nyundo usiku ule.