Skafu Isiyojua Kuisha

Sweta kuukuu ya mitumba ikianza kufumuliwa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine: vumbi, sabuni ya kipande, na jasho la mtu usiyemjua. Mwaka niliotimiza miaka tisa, harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha mabati kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Tulikuwa tumehama Silanga, upande wa Kibera, mwezi wa Juni, baridi ikiwa imeshika, kwa sababu mama alikuwa amepata kibarua cha kufua nguo Lavington na hakutaka kutembea mwendo ule wote kila siku. Shule ya karibu ilisema ingenipokea Septemba. Kwa hiyo mama alipotoka asubuhi nilibaki na uji kwenye thamosi, amri ya kutomfungulia mtu mlango, na spoki mbili za baiskeli.

Spoki hizo nilipewa na Mama Risper, jirani yetu wa Silanga aliyekuwa akiuza makaa mlangoni pake na kufuma kati ya mteja na mteja. Alizinyoosha kwa nyundo, akazinoa ncha kwenye jiwe, akaniketisha kwenye debe lililofudikizwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi wakati wote, hivyo chochote alichofuma kilizaliwa kikiwa kichafu, na watu walinunua vivyo hivyo. Alinifundisha kuanzisha mishono, kisha kwenda na kurudi. “Nyathina, usivute hivyo, unanyonga uzi,” alikuwa akiniambia, na mimi nilipenda kukosea ili aniite tena mwanangu kwa Kijaluo. Nilipomuuliza kazi inamalizwaje, alicheka. “Hiyo ya kufunga tutafanya ukifika mwisho. Bado uko mbali sana.” Wiki mbili baadaye tukahama.

Kongo sikumjua mtu. Watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walikuwa shuleni, na waliporudi walicheza mchezo ambao sheria zake sikuzielewa, nami nina kiburi cha kutouliza. Nikaamua kumfumia Mama Risper skafu. Mama alipoiona ikiwa na urefu wa kiganja alisema, “Ukimaliza hiyo, nitakupeleka Silanga umpelekee mwenyewe.” Tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani. Nilifuma tangu mama alipotoka mpaka aliporudi, vidole vikiwa baridi kuliko spoki zenyewe.

Nisiseme uongo, nilikuwa fundi mbovu. Nilianza na mishono thelathini, na siku moja nikihesabu nikakuta arobaini na moja, bila kujua hiyo mingine ilitoka wapi, ila skafu ilikuwa imepanuka. Mshono mmoja ulidondoka, ukashuka safu baada ya safu mpaka pakabaki tundu la kupitisha kidole gumba. Uzi ulipokwisha nilifumua sweta yangu iliyonibana, yenye rangi ya maruni, nao ulitoka vizuri, mrefu, uliojikunja kama tambi. Nikapata tamaa, nikaifuata sweta ya kijani ambayo mama alininunulia gikomba, soko la mitumba la hapo mtaani. Sikujua kwamba sweta iliyokatwa kwa makasi kiwandani na kushonwa kwa cherehani haifumuliki. Nilibaki na lundo la vipande vifupi na bila sweta. Nilivifunga fundo kimoja kimoja, siku tatu nzima, nikilia kidogo na kufuma kidogo. Mama aliliona lundo lile, akaliangalia sana, na hakunichapa. Nilishangaa.

Mwezi wa Agosti skafu ilikuwa imenipita kwa urefu. Hapo ndipo nilipokubali jambo nililokuwa nikilikwepa: sikujua kuifunga. Nikichomoa spoki, kazi yote ingefumuka. Aliyejua kufunga alikuwa Mama Risper, na kwa Mama Risper singepelekwa mpaka nifunge. Nikaendelea kufuma tu, maana kuacha kungekuwa kukubali kwamba siendi. Kila jioni mama alikuwa akiuliza, “Bado?” nami nikijibu, “Bado kidogo,” naye akishika sufuria kwa haraka, kama mtu aliyepata nafuu. Nilidhani amechoka na kazi.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaona nimeshindwa. Nikamwambia mama kwamba sijui kufunga, kwamba sikuwahi kujua, na kwamba twende hivyo hivyo na spoki zake, Mama Risper atanionyesha. Mama alikaa kitandani bila kuvua viatu vya kanisani.

“Mama Risper hayuko Silanga,” akasema. “Alirudi ushago, kijijini kwao. Aliugua kifua, watoto wake wakamchukua.”

“Lini?”

“Sisi tulipokaa hapa kama wiki mbili hivi. Walinipigia simu. Sikujua nitakuambia aje, na wewe ulikuwa umeshika hiyo kitu siku yote.”

Nilimchukia mama kwa muda wa mchana mmoja. Nilikaa nimemgeuzia mgongo. Nyuma yangu nikamsikia akipekuapekua; nilipochungulia, alikuwa ameshika sindano ya kushonea na uzi mweusi, akaanza kupitisha uzi ndani ya kila mshono, mmoja baada ya mwingine, akichomoa spoki polepole. Ilichukua muda mrefu kwa sababu hata yeye hakujua alichokuwa akifanya. Ukingo ulikunjamana, lakini ulishika. Jumatatu aliivaa kwenda kazini, ikamzunguka shingo mara tatu, na wenzake, nasikia, walimcheka mpaka njia panda.

Sasa nakaa ghorofani, nina sindano za mianzi na uzi wa dukani usionuka mtu. Kufunga mishono nilijifunza kwenye simu, kwa video ya dakika tatu. Nilipoimaliza niliiweka simu chini, nikakaa. Jambo la dakika tatu, mimi na mama tuliishi nalo miezi miwili na nusu katika chumba kimoja, kila mmoja akiwa peke yake na siri yake. Mama naye amerudi ushago siku hizi. Hunipigia kila Jumapili na kuniuliza kama niko sawa, nami humwambia niko sawa. Nikimuuliza yeye, hunijibu hivyo hivyo. Kisha hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata simu.